Gumba la Baba Mkwe

"Shuka tena, mama. Kutoka kwenye lile fundo la shingo, kipimo kimoja chini, halafu viwili kuelekea bega."

Emerensiana alisema hayo akiwa ameketi upande wa pili wa ukuta wa matete, ameupa ukuta mgongo ingawa hakuna aliyeweza kumwona. Upande ule mwingine mama mkwe wake, Kasilda, alikuwa amepiga magoti nyuma ya mumewe. Mkono mmoja ulishika kijiti cha unyasi kilichokatwa kifupi, mwingine ulipapasa mgongo. Mzee Melkior alikaa kwenye kigoda, shati limeshuka hadi kiunoni, bega lake la kulia limelala kama mzigo uliofungwa vibaya.

"Mwambie mkamwana wako," alisema mzee kwa sauti iliyoweza kufika nyumba ya pili, "hapo anapopataja ni mfupa mtupu."

"Anasema ni mfupa mtupu," Kasilda akaueleza ukuta.

"Nimesikia, mama. Mwambie baba asogeze kiwiko mbele, mfupa utapisha."

"Anasema usogeze kiwiko..."

"Nimesikia. Ninaumwa bega, siumwi masikio."

Katika ukoo wa Melkior, baba mkwe na mkamwana hawakugusana, hawakula pamoja, na hawakusemeshana ila kupitia mtu wa tatu, mpaka mzee afute aibu hiyo kwa kumtolea mkamwana zawadi ya kumfungulia. Emerensiana alikuwa ameishi kwenye nyumba ile ya Shanwe tangu reli ilipofika Mpanda, akazaa mtoto wake Alois humo humo, na bado alikuwa hajawahi kumtazama mzee yule usoni. Alimfahamu kwa kikohozi chake, kwa harufu ya nta iliyokuwa imeingia kwenye nguo zake, na kwa namna alivyougonga mlango kwa fimbo kabla ya kuingia uani, ili yeye apate nafasi ya kupisha.

Bega lilikuwa limefunga tangu masika. Zahanati walimtazama vizuri, wakamweleza kuwa hakuna kilichovunjika, wakampa dawa ya kuchua na kumsihi apumzike. Alichua, akapumzika, na mkono ukaendelea kukataa kupanda juu ya kidevu. Ndipo Kasilda alipokumbuka kwamba mkamwana wake alikuwa binti wa Theopista wa Majimoto, mwanamke ambaye watu wa Mpimbwe walimpelekea migongo na magoti yao. Theopista aliwaumika kwa pembe za ng'ombe, na kila pembe aliitafutia mahali pake kwa kipimo. Hakutumia vidole vyake mwenyewe. Alipima upana wa gumba la mgonjwa kwenye kiungo, akakata unyasi sawasawa na upana huo, na unyasi huo ndio uliotembea juu ya mwili wa mgonjwa yule na si wa mwingine.

Unyasi wa mzee ulikatwa na mwanawe Krispini, mume wa Emerensiana. Mke asingeweza kumshika baba mkwe mkono, na macho ya Kasilda yalikuwa yameanza kufifia kiasi kwamba hakuiona ncha ya jani.

Wembe ukapita. Kasilda akaweka pembe juu ya chale, akanyonya hewa kwenye tundu la nchani, akaliziba kwa nta iliyokuwa mdomoni. Pembe ilishika kidogo, ikaachia. Akarudia. Mzee akauma meno. Emerensiana alisikia pumzi yake ikikatika, akajua kuna kitu hakikwenda, lakini kutoka nyuma ya matete hakuona ni kipi.

Jioni ile Melkior alishindwa kulinyanyua bakuli la uji. Kasilda alimnywesha, naye akanywa akiwa amefumba macho.

Miaka hiyo Shanwe ilikuwa nyumba chache zilizotazamana, na nyuma yake miombo ilianza moja kwa moja, bila shamba katikati. Treni ilipopiga honi stesheni, mbwa wote walibweka, na watoto walikimbia kuiangalia ingawa jana yake walikuwa wameiona. Msimu wa asali ulipokaribia, kila ua ulinuka moshi na magome mabichi. Wanaume walisokota kamba, wakanoa mashoka, wakazungumza kwa sauti ya chini kana kwamba nyuki wangeweza kuwasikia.

Kundi la Melkior la kurina asali liliongozwa na mdogo wake wa baba mmoja, Bartolomeo. Walikuwa na sheria yao. Kila mrinaji alikuwa na sehemu yake ya pori, na miti iliyobeba mizinga yake ilijulikana. Moshi wa kwanza ulipowashwa, mwenye sehemu alitakiwa awepo na atupe kamba yake mwenyewe juu ya tawi. Asiyeweza kuitupa, sehemu yake ilichukuliwa na anayeweza, na mwaka uliofuata yule ndiye aliyetundika mizinga pale. Sheria hiyo haikutungwa kwa ubaya. Mizinga isiyorinwa huhamwa, na pori lenye mizinga iliyohamwa ni hasara ya wote.

Bartolomeo alifika alasiri akiwa na vijana wawili wa kundi. Alisalimia, akakaribishwa kiti, akala karanga. Alilizungukia jambo lake kwa muda mrefu, akiuliza habari za Alois na za mahindi, kabla ya kulifikia.

"Kaka, Jumatano tunaondoka."

"Najua."

"Mimi sina haraka na sehemu yako. Lakini hawa vijana wananiuliza, na mimi sina jibu la kuwapa."

 Melkior aliinuka, akaenda kuichukua kamba yake iliyoning'inia ukutani, akatoka nayo hadi kwenye mti wa mtundu uliokuwa nyuma ya nyumba. Watu waliokuwa wakipita njiani walisimama. Akakunja kamba, akarudisha mkono nyuma, akaitupa. Kamba ilipanda kimo cha mtu, ikashuka na kumwangukia mwenyewe begani. Akatupa tena kwa mkono wa kushoto, ikaenda pembeni kabisa na kumwangukia kuku. Mtoto mmoja akacheka, akazibwa mdomo na dada yake.

Bartolomeo aliiokota kamba, akaikunja vizuri, akairudisha ukutani mwenyewe. Pengine alitaka kupunguza uzito wa jambo lile, ndiyo maana akasema kwa utani, "Kaka, tumesikia siku hizi unatibiwa kupitia ukutani. Hiyo dawa ya Kimpimbwe imezoea migongo ya kuinamia mpunga. Migongo yetu ilibeba mizinga, haiwezi kuielewa."

Vijana wakacheka. Emerensiana alikuwa akipepeta mchele upande wa jikoni. Hakuinua uso, lakini ungo ukasimama. Asubuhi hiyo hiyo kisimani wanawake walikuwa wamempisha achote kwanza, kwa heshima ya namna ile wanayopewa watu wa kuogopwa, na mmoja wao aliuliza, si yeye bali ndoo yake, kama mkono wa mama hurithiwa na binti au huishia njiani.

"Mkamwana wangu muacheni," alisema Melkior. "Mimi ndiye niliyekubali."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Emerensiana kusikia akitetewa na mzee yule. Hakuweza hata kumshukuru, maana mtu wa katikati hakuwepo.

Usiku ule alilala na Alois kifuani, akiurudia mgongo wa mzee kichwani kama alivyosimuliwa, na asubuhi aliamka akiwa bado anapapasa. Aliwaza Majimoto. Aliwaza mvuke wa maji ya moto ukipanda asubuhi za kipupwe, ng'ombe wakinywa chini kule yanakopoa, na mama yake akiwa ameketi kwenye jiwe na wagonjwa wake wamepanga mstari, kila mmoja ameshika kijiti chake mkononi asije akakichanganya na cha mwenzake. Theopista alikuwa mwanamke wa maneno machache. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolisema kila siku, hata kwa mgonjwa wa kurudi. Kabla ya pembe, kijiti kiulizwe. Kilazwe kwenye mkono wa mwenyewe, kuanzia kiwiko hadi kwenye mkunjo wa kiganja. Kikiingia mara kumi na mbili, ni chake. Mtoto mchanga ana kumi na mbili zake, na jitu lina kumi na mbili zake.

Siku ile ya kwanza hawakuuliza. Mzee alikuwa na maumivu na hakutaka mambo marefu, na Emerensiana aliona aibu kumcheleweshea mtu mzima.

Aliingia kwa mama mkwe wake aliyekuwa akichambua maharage.

"Mama, kile kijiti kipo?"

"Nilikichomeka kwenye ukuta. Nilidhani hutakitaka tena."

Alimweleza. Kasilda akajifuta mikono, akaenda kibarazani ambako mzee alikuwa amejinyoosha juani. Emerensiana alibaki ndani, akisikiliza. Alisikia mzee akiuliza ni nini tena, na Kasilda akimjibu kwamba alale tu, hakatwi kitu. Kisha kimya cha mtu anayehesabu.

Kasilda alirudi. "Kumi, na kipande kidogo."

"Kumi na mbili, mama."

"Kumi na kipande."

"Pengine kiliteleza. Naomba urudie."

"Mwanangu, macho yangu ni mabovu. Vidole vyangu si vibovu." Hata hivyo alirudi, akahesabu tena kwa sauti, na mzee akihesabu naye kwa kuchoka. Ikawa ile ile.

Krispini alitoka stesheni mchana, amepakaa vumbi la magunia hadi kwenye kope. Alikuwa mwanamume mpana, kifua na mikono ya mtu wa kubeba, tofauti na baba yake aliyekuwa mwembamba kama ubua. Nyuki hawakumpenda, alipokuwa kijana aliumwa na mmoja tu, akavimba uso mzima hadi wakamwitia padri, na tangu hapo baba yake hakumpeleka tena porini. Alinawa, akakaa mkekani, akaunyoosha mkono kwenye ugali.

Emerensiana aliushika ule mkono wa kushoto uliokuwa umelala gotini. Akakiweka kijiti kwenye kiwiko, akakisogeza, akakisogeza. Alihesabu kwa midomo tu. Kijiti kilipofika mara ya kumi na mbili, ncha yake ilikaa sawasawa juu ya mkunjo wa kiganja, pasipo kuzidi wala kupungua.

Krispini aliacha kutafuna.

"Baba Alois," alisema mke wake polepole, "kijiti hiki ulikikata kwenye gumba la nani?"

Alimeza tonge. Alilitazama gumba lake kana kwamba lilikuwa limemchongea.

"Yeye na mimi damu ni moja," akasema.

"Sikuuliza damu."

Mume wake aliusukuma ugali pembeni. Alianza kuongea, akasimama, akaanza tena upande mwingine. Alisema kwamba babu yake alipofariki, yeye kama mjukuu wa kwanza ndiye aliyeitwa kupima. Wakampa unyasi mrefu, akaulaza pembeni ya mwili kutoka kichwani hadi miguuni, akaukata, na wachimbaji wakaenda nao makaburini. Unyasi wa namna ile ile, unaota pale pale nyuma ya choo. Walipomwambia akampime baba yake, alikwenda akauvunja unyasi, akafika hadi mlangoni. Baba yake alikuwa amelala chali, mikono kifuani.

"Nikashindwa," alisema. "Mtu mzima, ninabeba gunia la chumvi peke yangu, nikashindwa kumpima baba yangu akiwa hai. Nikasimama nje nikapima langu. Nilidhani haitakuwa na tofauti."

 Hasira aliyokuwa ameiandaa Emerensiana haikupata pa kushika. Alisema tu kwamba chale zile zilikatwa juu ya mfupa, kwa mzee ambaye hakulia, na kwamba kule kisimani yeye ndiye aliyekuwa akilipia.

"Ningeweza kunyamaza," akaongeza. "Tukate kingine, tumwambie ni dawa ya pili. Lakini nani atakishika kidole chake? Wewe umeshindwa, mimi siruhusiwi, mama haoni."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Kesho."

"Wanaondoka Jumatano, Baba Alois."

"Nimesema kesho."

Kesho yake Krispini alimkuta baba yake uani, ameinamia sufuria la nta. Ilikuwa ni masalio ya mwaka uliopita, masega yaliyochemshwa na kuchujwa kwenye gunia, na mzee alikuwa akiyamimina kwenye mabakuli kwa mkono wa kushoto, akimwaga nusu chini. Harufu yake ilijaa hadi barabarani. Kila bakuli lilipoanza kuganda, alibonyeza gumba katikati, na hiyo ndiyo alama ambayo wanunuzi wa mjini waliijua.

Krispini alisimama. Akaongea akiangalia sufuria, bila kuficha hata sehemu ya mlangoni. Kutoka jikoni Emerensiana alisikia kila neno, kisha akasikia nta ikitokota.

"Kwa hiyo," alisema mzee hatimaye, "kaburi langu ulilikwepa, ukanikatia chale za mtu mwingine."

"Ndiyo, baba."

"Mtu mwenyewe mnene."

Krispini hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Baba yake aliweka chini upawa, akakaa kwenye kigogo na kuanza kulisugua bega lake.

"Mimi nilimpima baba yangu akiwa hai," akasema. "Ulikuwa mdogo. Nilikuwa nimeuza nta, nikataka kumnunulia viatu kwa Mwarabu. Nikapima nyayo zake kwa kamba wakati amelala, nikaogopa kama wewe. Nilitetemeka mpaka kamba ikajikunja."

"Vilimwenea?"

"Vilikuwa vidogo. Alivivaa hivyo hivyo kila Jumapili, anachechemea kwenda kanisani, na mtu akimuuliza anasema ni miiba."

Wakacheka wote wawili, mzee akilishika bega lisitikisike. Baadaye alichota nta kidogo iliyokuwa bado laini, akaifinyanga kiganjani ikawa kama andazi dogo. Akalibonyeza gumba lake la kulia hadi kwenye kiungo, akalitoa taratibu.

"Mpelekee mke wako. Hii haijaguswa na mtu, na mimi sijapimwa na mtu."

Jumatano asubuhi Emerensiana aliukata unyasi mpya kwenye lile tundu la nta. Akampa Kasilda kupitia chini ya ukuta wa matete, na Kasilda akakiuliza kijiti kama inavyotakiwa. Kumi na mbili. Alirudia bila kuombwa, akasema tena kumi na mbili, na safari hii sauti yake ilikuwa ya msichana.

Wakaanza. Fundo la shingo, kipimo kimoja chini, viwili kuelekea bega. Mzee akasema hapo hakuna mfupa, hapo ni kama shimo, na kwamba palikuwa panamuuma toka masika bila yeye kupajua. Emerensiana alifumba macho upande wake, akauona mgongo wote. Pembe ya kwanza ikashika, akausikia ule mlio wa ngozi kuvutwa. Ya pili, Kasilda alikosa ukingo wa bega akaikata chale pembeni. Pembe ikapiga filimbi, ikaanguka.

"Nisamehe, Baba Krispini. Mkono umeteleza."

"Jaribu tena."

Akajaribu. Filimbi tena. Machozi yakaanza kumtoka Kasilda, maana nje zilikuwa zimeanza kusikika sauti za watu na vyuma vya mizigo vikigongana kutokea barabarani. Kundi lilikuwa linajikusanya.

"Mama Alois," akasema mzee.

 Kasilda aligeuka, akidhani ameitwa kurudia maneno, lakini jina halikuelekezwa kwake. Lilikuwa limesemwa kwa ukuta.

"Mama Alois, ingia."

"Melkior," Kasilda akanong'ona, "hujamtolea kitu. Ataingiaje?"

"Uvunguni kwangu kuna jembe, limefungwa kwenye gunia. Jipya. Lipo tangu mwaka juzi, nilikuwa nangoja mtoto wa pili ndipo nifute aibu kwa sherehe." Akavuta pumzi. "Mpe. Sherehe itafuata na mtoto wake."

Kasilda alilitoa jembe. Akalifungua, akalibeba kwa mikono miwili hadi mwisho wa ukuta, akaliweka miguuni mwa mkamwana wake. Chuma chake kilikuwa bado na mafuta ya dukani. Emerensiana alipiga magoti, akaligusa, akaingia akiwa ameinamisha kichwa.

Mgongo ulikuwa mdogo kuliko alivyoufikiria. Aliziona chale za siku ile ya kwanza, zimekauka juu ya mfupa, kila moja imepotea njia kwa kiasi kile kile. Akaweka kiganja chake kati ya mabega mawili, akangoja mpaka ngozi ya mzee ilipoacha kushtuka. Kisha akakichukua kijiti kwa Kasilda, akaanza kupima, akitembea nacho bila haraka kama mama yake, akiacha alama ya kucha kila kilipotua. Wembe ulipita mara moja moja. Pembe zikasimama mstari kwenye ukingo wa bega, na hakuna iliyopiga filimbi.

Bartolomeo aliingia uani akiwa amevaa kamba kama mshipi, shoka begani. Aliona mwanamke amemshika baba mkwe wake, akageuza uso haraka kuelekea mahindi. Halafu akaliona jembe. Akashusha shoka chini.

"Kaka, umeshamfungulia?"

"Nimemfungulia. Karibu kiti."

"Tunaondoka."

"Karibu kiti, Bartolomeo. Pembe hazivuliwi kwa mbio."

Alikaa. Vijana nao wakaingia mmoja mmoja, wakakaa kwenye mizigo yao, na hakuna aliyetoa utani. Emerensiana aliziachia pembe zikavuta kiasi chake. Alipozitoa alifuta damu nzito iliyoganda, akapaka majivu na asali, akarudi nyuma.

"Inua, baba," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno lake mwenyewe, na sauti ilimtoka ndogo.

Melkior akainua mkono. Ulipita kidevu. Ulipita mdomo, ukafika kwenye sikio, ukatetemeka hapo, ukasimama. Aliushikilia mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, ndipo akaushusha mwenyewe, polepole, badala ya kuuacha uanguke.

Bartolomeo aliutazama mkono ule muda mrefu kuliko watu wengine. "Kamba haitupwi kutoka sikioni," akasema, bila ukali.

"Najua."

"Mwulizeni mkamwana, bado kuna nini?"

Emerensiana hakumtazama, maana kwa Bartolomeo, naye baba mkwe, alikuwa bado hajafunguliwa. Alimjibu kupitia Kasilda kwamba mstari wa juu umekwisha, lakini bawa la bega kwa chini halijaguswa, na ngozi haiwezi kukatwa mara mbili kwa siku moja.

Kasilda alirudia yote, neno kwa neno, kwa fahari.

Bartolomeo alijikuna shingo. Akawaangalia vijana wake, akaangalia jua. Kisha alisema kwamba wao watatangulia hadi mtoni, wapige kambi, wakate kuni na kutengeneza vitanda vya miti. Kazi hiyo ipo siku zote na haihitaji moshi. Moshi hauwashwi mpaka kundi litimie, na kundi lilikuwa halijatimia.  Watamsubiri mtoni hadi Ijumaa jioni. Baada ya hapo, akasema Bartolomeo akiinuka, asingekuwa na jibu la kumpa mtu.

"Ijumaa inatosha," alisema Melkior.

"Sijui kama inatosha. Mimi nimesema Ijumaa."

Walibeba mizigo. Krispini, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote akichelewa kazini, aliichukua kamba ya baba yake ukutani, akamtwisha kijana wa mwisho. Kamba ikatangulia na kundi, ikapita nyuma ya nyumba na kuingia kwenye miombo.

 Kasilda alikwenda kumchukua Alois aliyekuwa ameamka. Emerensiana alikusanya pembe, akaziosha kwa maji ya moto moja baada ya nyingine, akazianika kwenye ungo. Zile ambazo hazikutumika alizifunika kwa kitambaa, na kijiti akakilaza juu yake.

"Mama Alois," aliita mzee kutoka kwenye kigoda, akijifunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto.

"Abee, baba."

"Kesho tunaanzia wapi?"

Aligeuza pembe ya mwisho kwenye ungo.

"Chini ya bawa, baba. Pale ulipokuwa unalalia."

"Haya. Niamshe mapema."

Emerensiana akaenda kuchota maji mengine.